Maiti Mmoja Tu

Kwenye delta ya Mto Rusizi, magharibi ya Bujumbura, mbuzi alitoweka usiku wa mvua na mpaka leo kesi yake haijafungwa. Alikuwa chambo. Waliomleta walikuwa wanamwinda mamba ambaye Patrice Faye, Mfaransa aliyeishi Burundi na kumfuatilia kwa miaka mingi, alimpa jina la Gustave: mamba mkubwa mwenye makovu ya risasi, ambaye uvumi ulimhesabia watu hadi 300, hesabu isiyothibitishwa na yeyote. Wakatengeneza kizimba cha chuma chenye uzito wa tani moja, wakatega na kamera. Ndani wakaweka chambo cha aina hii na ile. Gustave hakunasa. Juma la mwisho, muda wao ukielekea kwisha, wakamfungia humo mbuzi mzima. Usiku ikashuka dhoruba, kamera ikazimika. Kulipokucha kizimba kilikuwa kimezama nusu, na mbuzi hayumo.

Filamu ya msafara huo ilitoka mwaka 2004, na jibu halikutoka nayo. Huenda mamba alikuja kweli. Huenda mto ulifurika, mbuzi akaogelea akaenda zake. Kwetu Mutakura, kaskazini ya jiji, ambako njia zinaitwa kwa namba za avenyu na kila avenyu ina mjuzi wake wa mambo ya watu, kesi ya mbuzi ilisikilizwa kwa makini kuliko kesi nyingi za mahakamani. Yupo aliyemtetea Gustave: mamba aliyekataa chambo siku zote hizo, leo ananaswaje na mbuzi? Yupo aliyeushuku mto. Na yupo mzee mmoja aliyetaka tu kujua walinzi wa kizimba walikula nini asubuhi ile.

Waliouawa na mamba yule hawakuchekwa na mtu. Kilichochekesha ni mbuzi, na kamera iliyolala saa ileile ya kukesha, na wakubwa wenye tani nzima ya chuma walioshindwa na mnyama asiyekuwa na hata kalamu. Lakini hakuna aliyecheka akaondoka. Watu walicheka wakavuta viti. Kicheko kile na hamu ile ya kujua, vikikaa benchi moja, vimezaa aina nzima ya riwaya: zile za mauaji yasiyotisha, ambamo damu haimwagiki mbele ya msomaji, mpelelezi ni mtu wa mtaani mwenye vituko vyake, washukiwa ni majirani waliojaa tabia za ajabu, na mwishoni kila jambo linarudi mahali pake. Dunia nzima inazisoma. Historia yake hupewa kijiji cha Uingereza chenye kanisa na bustani ya maua, ila mtu wa kwanza aliyezipa umaarufu wa dunia hakuwa Mwingereza. Alikuwa Mbelgiji, na alianza kuumbwa wakati uleule Wabelgiji walipokuwa wakija kwetu.

Mwaka 1916, katika mji wa Torquay, kusini mwa Uingereza, Agatha Christie alikuwa anafanya kazi kwenye chumba cha dawa cha hospitali. Sumu alizijua kwa jina na kwa kipimo, maana kuzipima ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alitaka kuandika riwaya ya mauaji, akakosa mpelelezi. Mjini mwao walikuwapo wakimbizi wa Kibelgiji waliokimbia majeshi ya Ujerumani, watu waliopoteza nyumba na heshima zao, wenyeji wakiwahurumia na kuwaona vichekesho kwa pamoja. Akilini mwake akamtoa mmoja humo: polisi mstaafu, mfupi, kichwa chake umbo la yai, masharubu yamesokotwa kwa ncha, punje ya vumbi kwenye koti inamkera kuliko jeraha. Akamwita Hercule Poirot.

Mwezi Juni wa mwaka huohuo Wabelgiji wengine, hawa wasio na kichekesho, waliingia Usumbura, Bujumbura ya leo, kutoka Kongo na askari wa Force Publique, wakawatoa Wajerumani. Hawakuondoka hadi tarehe 1 Julai 1962. Kwa hiyo wasomaji wa London walimpata Mbelgiji mkimbizi anayeuliza maswali kwa upole, nasi tukampata Mbelgiji mtawala wa kodi na kahawa ya lazima, ambaye aliuliza machache na kuamuru mengi. Riwaya ya Poirot ilitoka Marekani mwaka 1920 na Uingereza mwaka uliofuata. Habari za kifo chake kitabuni zilipotoka, mwezi Agosti 1975, gazeti la New York Times lilichapa tanzia yake ukurasa wa kwanza. Sijui kama kuna gavana hata mmoja wa Ruanda-Urundi aliyepewa heshima hiyo.

Masharubu ya Poirot yanastahili kuangaliwa kidogo, kwa sababu watu hudhani kuwa vituko katika riwaya hizi ni pambo. Vina kazi. Kwanza, vinafungua midomo. Mbele ya afisa mkali watu hufunga milango. Mbele ya mgeni mdogo anayelalamika kwamba mayai ya kifungua kinywa hayalingani ukubwa, nani ataogopa? Wanamdharau, na katika dharau wanasema. Pili, vinaficha. Mwandishi mjanja huweka ushahidi ndani ya utani. Shangazi kiziwi anajibu swali ambalo hakuulizwa, msomaji anacheka, na katika kucheka hatambui kwamba jibu lile ndilo lililotaja saa ya kifo. Kitabu kikifika mwisho msomaji anarudi nyuma kurasa mia moja, anakuta kila kitu kiliwekwa mezani mbele ya macho yake. Na tatu, vinagawa hatia kwa usawa. Mtaa ambao kila mtu ana kasoro yake, kila mtu anaweza kuwa ndiye, na msomaji analazimika kuwatazama wote. Mwaka 1930 Christie alimpa riwaya ya kwanza Bibi Marple, mwanamke mzee mfuma sufu, ambaye kila muuaji anamkumbusha mtu fulani wa kijijini kwake. Bibi yule hana cheo wala bastola. Ana kumbukumbu ya majirani, basi.

Ila kwa nini riwaya hizi zilishika wakati ule? Uingereza ilikuwa imetoka kwenye vita vilivyoua vijana kwa maelfu kwa siku moja, na vifo hivyo havikuwa na mshukiwa wala hukumu. Ndipo wakaanza kupenda vitabu ambamo mzee mmoja anakufa maktabani na dunia yote inasimama mpaka ijulikane nani kamuua. Mshairi W. H. Auden, aliyekiri kwamba alikuwa mlevi wa vitabu hivi, aliandika mwaka 1948 kwamba mahali pake panatakiwa pafanane na bustani ya Edeni, ili maiti aonekane kuwa kitu kisichostahili kuwa pale. Maneno hayo nilipoyasoma niliyafikiria kwa macho ya Mutakura, nami nitayarudia chini, lakini kwanza lazima tuvuke kwenda Unguja.

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, tarehe 25 Aprili 1918. Alipomaliza shule mwaka 1938 akaajiriwa mkaguzi katika idara ya afya, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi. Bwana afya wa zama zile alikuwa mtu wa kuogopwa na kuchekwa: huingia nyua za watu, huchungulia visima na vyoo, huambiwa uongo mtamu na mwenye nyumba huku harufu ikisema kweli. Kwa mtunzi wa hadithi za upelelezi sidhani kama kuna chuo kizuri kuliko hicho. Mwaka 1948 akaiacha idara, akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Katika miaka kumi iliyofuata alikuwa pia mhariri msaidizi wa Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu.

Anayeijua Zanzibar ya miaka hiyo atashtuka kuona majina hayo kwenye mstari mmoja. Al Falaq lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu, na Afrika Kwetu lilisimama upande wa Waafrika. Zilikuwa zama za siasa: magazeti yakitukanana, watu wakianza kuangaliana kwa asili zao. Mtu aliyekaa katika vyumba vya habari vya pande zote mbili alisikia kila upande ukimweleza mwenziwe kuwa ndiye mkosaji, bila ushahidi na bila haya. Mwezi Julai 1957 Zanzibar ilifanya uchaguzi wake wa kwanza, na katika majira hayohayo, 1957 kuelekea 1958, Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki likatangaza mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili. Abdulla akapeleka hadithi ya mauaji. Ikashinda. Mwaka 1960 ikachapishwa kwa jina la Mzimu wa Watu wa Kale.

Katika hadithi hiyo Bwana Ali, mtu mwenye mali na mashamba, anakutwa amekufa mzimuni, mahali pa kuogopwa. Jibu watu wanalo tayari kabla hata maiti hajaondolewa: mizimu imekasirika. Hapo ndipo anapoingia Bwana Msa, kiko mdomoni, rafiki yake Najum ubavuni. Kiko hicho kimetoka kwa Sherlock Holmes na Abdulla hakujaribu kukificha. Lakini jaribu kumkalisha Holmes barazani Unguja uone. Holmes hutazama majivu ya sigara, akatoa hukumu. Bwana Msa huzungumza. Huzunguka, hutania, huuliza habari za nyumbani, husifu kahawa, hupita mbali na jambo lenyewe mpaka Najum anachoka, na msomaji pia, halafu kumbe njia yote ile ilikuwa inazunguka mahali pamoja. Anayetaka risasi asimfungue. Anayependa kusikia watu wa Unguja wakichezeana kwa maneno, wakipigana vijembe kwa adabu kamili, wakikana kwa methali na kukiri kwa methali nyingine, hatamweka chini.

Kichekesho chake kikubwa kiko hapo kwenye mzimu. Abdulla hamdhihaki anayeamini. Anaiacha hofu itembee, anaipamba, anampa kila mtu nafasi ya kutetemeka, kisha anauliza swali dogo la mtu aliyewahi kuwa bwana afya: nani anafaidika watu wakiogopa kusogea hapa? Riwaya ya pili, Kisima cha Giningi, iliyotoka mwaka 1968, inaitumia hofu hiyohiyo. Giningi katika simulizi za Visiwani ni mji wa wachawi, na jina hilo tu kwenye jalada linatosha kumfanya msomaji asogeze taa karibu. Kisha zikafuatana upesi: Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975, Mwana wa Yungi Hulewa 1976. Yasome majina hayo kwa sauti. Ni majina ya mtu anayekaribisha wageni kucheka, na anayejua kwamba anayecheka hakagui mfuko wake.

Kati ya kitabu cha kwanza na cha pili Zanzibar ilipasuka. Ghasia za uchaguzi wa Juni 1961 ziliua watu 68. Tarehe 12 Januari 1964 yakaja Mapinduzi na vifo vyake vingi. Abdulla kwa miaka hiyo alikuwa mhariri wa Mkulima, jarida la kilimo, kazi aliyoishika kuanzia 1958 hadi kustaafu kwake mwaka 1968. Anaweza kulaumiwa kwa kutoandika juu ya hayo, na lawama hiyo ina uzito: visiwa vimemwaga damu, mtunzi wao anamfuata mtu na kiko chake akitatua vitendawili vya urithi na ndoa. Mimi namwona kwa jicho jingine. Mtu aliyehariri magazeti ya hasira pande zote mbili, kisha akaona hasira ile ilikofikia, aliendelea kuandika Unguja ambamo mtu mmoja akiuawa, Mwarabu au Mwafrika, maskini au bwana shamba, hakuna anayelala mpaka aulizwe kila mmoja kwa jina lake. Hiyo nayo ni kauli, hata kama imevaa kanzu ya mzaha.

Tanzania Bara ilikwenda njia nyingine. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na kuanzia hapo maiti wakaanza kuongezeka. Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, jasusi wa Afrika nzima, mwepesi wa bastola. Ben Mtobwa akamleta Joram Kiango. Nimewasoma kwa pumzi moja kama kila kijana wa rika langu, na Kikosi cha Kisasi kilichompeleka Gamba hadi Kinshasa bado nakipenda. Lakini katika vitabu vile mtaa ni mahali pa kupita kwa gari la kasi. Hujui jirani wa mhusika anauza nini. Bwana Msa alibaki peke yake na baraza lake.

Aliwezaje basi kutufikia sisi, ambao tulisomeshwa kwa Kifaransa? Kiswahili kilikuwapo ziwani zamani, kikija na misafara ya Ujiji, kisha na askari wa Kijerumani. Chini ya Wabelgiji kikawa lugha ya mjini, ya soko na ya Waislamu wa mtaa wa Buyenzi, lugha ambayo shule iliitazama kwa pembe ya jicho. Mwaka 1972 ukaja, mwaka wa mauaji makubwa, na Warundi wengi wakakimbilia Tanzania. Serikali ya huko ikawapa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na watoto wao wakasoma shule za Kitanzania. Huko ndiko vijana wa Kirundi walikokutana na riwaya za Kiswahili kwenye madawati, wakizifanyia mtihani. Kuanzia mwaka 2008 maelfu yao walirudi nyumbani. Walirudi na watoto wasiojua Kifaransa, na pengine kitabu kimoja au viwili chini ya begi. Burundi yenyewe ilikuwa imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na Kiswahili kilikuwa kimeanza kufundishwa shule za msingi. Lugha iliyodharauliwa ikawa somo.

Kitabu cha kwanza cha Bwana Msa nilichokishika mimi kilitoka upande wa Kigoma, kimepita mikono mingi, na kurasa zake za mwisho hazikuwapo. Riwaya ya siri isiyo na jibu ni mateso ya aina yake. Nikafanya kosa la kusimulia tatizo langu mbele ya mama mmoja muuza ndagala wa avenyu yetu, ambaye hakuwahi kusoma riwaya.

"Yule mgeni uliyemtaja pale mwanzo," akaniuliza, "amerudi mara ngapi?"

"Mara mbili, mama. Lakini hana jambo, anapita tu."

"Mwanangu, mtu wa kupita tu hapiti mara mbili."

Wateja wake wakaingilia. Mmoja akataka kujua marehemu alikuwa anadaiwa na nani, mwingine akasema mke ndiye, kwa sababu ni mke siku zote, akazomewa. Ndagala zilikaa juani hadi mama akatufukuza. Nilipokuja kupata nakala kamili nikakuta alikuwa amekaribia sana, na njia aliyoifuata ndiyo ileile inayofundishwa na wataalamu wa riwaya hizi: mwandishi halishi mtu bure.

Mama yule hakuwa na haja ya Christie. Vilima vya Burundi vilikuwa na abashingantahe, watu wazima waliotawazwa kwa unyofu wao, wakikaa na fimbo ya intahe kusikiliza ugomvi wa majirani. Umushingantahe huanza kwa kuacha watu waseme, wote, hata mpumbavu, hata anayechekesha. Anasikiliza anayeruka neno na anayelirudia. Hukumu hutolewa hadharani, na walioumizana wanatakiwa waendelee kuchota maji mahali pamoja. Bwana Msa angevaa joho la umushingantahe likamkaa sawa, ila kiko angeambiwa azime.

Na sasa nirudi kwa Auden na bustani yake. Mutakura si Edeni. Katika vita vilivyoanza mwaka 1993 jiji hili lilikatwakatwa, na kufikia 1995 mitaa iliyokuwa imechanganyika Wahutu na Watutsi, Mutakura na Cibitoke ikiwamo, ilikuwa imebaki na watu wa upande mmoja, wale wa upande wa pili wakiwa wamekufa au wamehama. Maandamano ya kuanzia Aprili 2015 yalipita hapa, na alfajiri iliyofuata mashambulio dhidi ya kambi za jeshi ya Desemba 11 mwaka huo miili ilikutwa barabarani katika mitaa kadhaa ya Bujumbura. Nani aliuliza kila mmoja wao alionekana wapi mara ya mwisho, alikuwa na nani, alikula nini? Maiti wakiwa wengi kwa siku moja huitwa matukio. Hupewa tarehe na jumla.

Ndiyo maana mtu akiniambia kwamba riwaya za mauaji ya kuchekesha ni upuuzi kwa watu walioona mauaji yenyewe, namwambia aje asome nasi. Zinapendwa zaidi hapa, wala sababu yake si kusahau. Zinampa marehemu mmoja kitu ambacho marehemu wetu wengi hawakukipata: kurasa 150 za watu kumjali. Kila saa yake ya mwisho inatafutwa. Kikombe chake kinanuswa. Hata adui yake analazimika kueleza kwa nini alimchukia. Kicheko kinaingia hapo kwa sababu mtaa ulio hai una wachekeshaji, na mwandishi anayetaka kuonyesha nini kimevunjwa na kifo kimoja hana budi kutuonyesha kwanza jirani anayekopa chumvi kila jioni na kusema ni ya mwisho.

Watu wa redio walilielewa hili mapema. Mwaka 1997, vita vikiendelea, Studio Ijambo ya Bujumbura ilianza kurusha mchezo wa Kirundi ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri, Umubanyi ni we muryango, juu ya familia mbili za Kihutu na Kitutsi zinazoishi jirani. Ulikwenda mamia ya vipindi. Watu walisikiliza kujua nani kamwambia nani nini, kama wanavyosikiliza ukutani, wakacheka, na katika kucheka wakawasikia wale wa pili kama majirani wenye vituko, badala ya umati usio na uso.

Upande wa pili wa sarafu hiyo uko katika riwaya ya Roland Rugero, Baho!, iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 2012. Nyamuragi, kijana bubu, amebanwa na haja. Anamuuliza msichana kwa ishara wapi anaweza kujisitiri. Msichana anaelewa vingine, anapiga kelele, na kilima kizima kinamwangukia. Mwanzo wake ni kichekesho kamili cha baraza, kisha kicheko kinakukwama kooni, maana watu wana jibu kabla ya swali, kama wale wa mzimuni kwa Bwana Ali, na hapa hakuna mwenye kiko wa kuwachelewesha. Rugero ni mmoja wa walioanzisha mkutano wa wasomaji wa Bujumbura uitwao Samandari, uliozoea kukaa kila Alhamisi, kwa jina la yule mchekeshaji wa simulizi zetu aliyesema kweli mbele ya wakubwa akitumia mzaha. Baina ya Samandari na Bwana Msa naona udugu wa wazi, na ningependa siku moja waketi Alhamisi moja.

Wapo wanaoniambia niende kwa Mma Ramotswe, mpelelezi wa Gaborone aliyebuniwa na Alexander McCall Smith, Mskochi mzaliwa wa Bulawayo, katika vitabu vilivyoanza mwaka 1998 na kuchezwa kwenye televisheni mwaka 2008. Nimekwenda. Gari lake dogo jeupe, chai yake, na karani wake anayejivunia asilimia 97 za mtihani wa ukatibu muhtasi ni raha tupu. Ninachomlaumu McCall Smith ni sukari: Afrika yake ina amani mpaka unatamani mtu akanyagwe mguu. Abdulla hakosi pilipili. Anajua kwamba jirani mcheshi anaweza pia kuwa muuaji, na kwamba ukimgundua utamkosa barazani.

Mwaka 1984 Abdulla alitoa Kosa la Bwana Msa. Mpelelezi aliyewaumbua watu kwa miaka 24 anapewa kosa lake mwenyewe, tena kwenye jalada, kwa herufi kubwa. Mwaka 1991 mwandishi akafariki. Vijana wa mtaani wanaojifunza Kiswahili shuleni, na wanaoletewa vitabu vya kiada vyenye mazungumzo ya sokoni ambamo hakuna anayempunja mtu, huniuliza waanze na kipi. Nawapa Mzimu wa Watu wa Kale kwanza, Kisima cha Giningi mwezi unaofuata, na Kosa nawaficha mpaka wamemaliza vingine vyote. Kabla ya kuazimisha nahesabu kurasa za mwisho mbele yao, na wakirudisha nazihesabu tena.